Sura ya 6: Jicho kwenye Mlango wa Bodi

“Rudi, rudi, rudi… kata kulia kidogo… njoo… hapo hapo!” Kisha makofi mawili juu ya bati, na pikapu inasimama. Kila aliyewahi kupakia saruji, mbao au viazi anaijua sauti hiyo. Utingo amekuwa jicho la dereva nyuma ya gari la mizigo kwa miaka mingi, na mpaka leo hakuna kifaa kinachomshinda utingo makini, anayesimama pale anapoonekana kwenye kioo cha pembeni na kupaza sauti kwa wakati. Lakini hayupo kila saa. Saa kumi na moja alfajiri, dereva anapowasha gari uani, utingo bado yuko kwao, na watoto wa nyumba ya jirani pengine wameshaamka.

Sura hii inaihusu saa hiyo.

Pikapu huzaliwa na upofu, na upofu huo unapimika kwa hesabu za darasa la saba. Tuseme macho ya dereva yako mita 1.7 kutoka ardhini, ukingo wa juu wa mlango wa bodi uko mita 1.1, na kati ya macho na mlango huo kuna mita 3.5. Mstari wa kuona unaopita juu ya mlango utagusa ardhi mita 6.4 nyuma ya gari. Kilicholala chini ndani ya umbali huo hakionekani kabisa. Mtoto aliyechuchumaa kuokota mpira, akiwa na kimo cha nusu mita, atafichika mpaka awe mita 3.5 nyuma ya mlango. Na hapo bodi haijabeba kitu. Magunia yakipangwa hadi usawa wa kebini, kioo cha ndani hakionyeshi tena barabara, kinaonyesha magunia.

Wazo la kuweka jicho la pili nyuma ya gari ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1956 General Motors ilipolionyesha gari lake la majaribio, Buick Centurion, katika maonyesho ya Motorama, kioo cha kutazamia nyuma hakikuwamo. Kamera ya televisheni ilikaa mkiani, na picha yake ikaletwa kwenye skrini ndogo ya dashibodi. Gari hilo halikuuzwa. Ilichukua miaka 35 kabla ya Toyota kuweka kamera ya nyuma kwenye Soarer ya mwaka 1991, iliyouzwa huko kwao Japani, na kwa muda mrefu baada ya hapo kamera ikabaki pambo la magari ya matajiri.

Msiba ndio uliobadilisha mambo. Mwaka 2002 nchini Marekani mtoto wa miaka 2, Cameron Gulbransen, alifariki baada ya kugongwa na gari la familia lililokuwa linarudi nyuma nyumbani kwao. Sheria yenye jina lake ilitiwa saini mwaka 2008, kanuni zake zikatoka mwaka 2014, na kuanzia tarehe 1 Mei 2018 kila gari jipya lenye uzito usiozidi pauni 10,000, pikapu zikiwamo, lazima liwe na kamera ya nyuma. Kanuni zimeandikwa na watu waliofikiria mtoto kwanza. Kamera sharti ionyeshe eneo la upana wa mita 3 na urefu wa mita 6 nyuma ya gari, picha itokee ndani ya sekunde 2 baada ya gia ya rivasi kuingia, na majaribio hufanywa kwa nguzo za mviringo zenye kimo cha sentimita 80 hivi, ambacho ni kimo cha mtoto wa miezi 18. Mamlaka ya usalama barabarani ya nchi hiyo, NHTSA, ilikadiria kwamba ajali za kugongwa na gari linalorudi nyuma zilikuwa zikiua watu wapatao 210 kila mwaka na kujeruhi 15,000. Asilimia 31 ya waliokufa walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano.

Kamera imesaidia kiasi gani? Watafiti wa IIHS, taasisi ya usalama barabarani inayogharamiwa na kampuni za bima za Marekani, walikuta kwamba ajali za kurudi nyuma zilizoripotiwa polisi zilipungua kwa asilimia 17 kwa magari yenye kamera. Ni punguzo la maana, lakini bado zinabaki ajali nyingi sana. Dereva anayetazama skrini peke yake, bila kugeuza shingo wala kuangalia vioo vya pembeni, amehamisha upofu kutoka nyuma kwenda pembeni.

Hilux na Land Cruiser nyingi zinazobeba mizigo Afrika Mashariki zilitoka kiwandani bila jicho hilo. Kwa hiyo hufungwa huku huku, na fundi waya, gereji au chini ya mwembe, kutoka kwenye boksi lililonunuliwa Gerezani jijini Dar es Salaam au Kirinyaga Road mjini Nairobi. Ndani ya boksi la kawaida mna kamera ndogo kuliko kizibo cha chupa ya maji, kebo ya picha yenye plagi za njano kila mwisho, waya mfupi wa umeme, na kioo chenye skrini ya inchi 4.3 iliyojificha nyuma yake, pamoja na raba za kukivisha juu ya kioo cha zamani. Bei yake huwa nafuu. Ughali, au hasara, unakuja kwenye kufunga.

Jambo la kwanza la kuhakikisha ni volti. Pikapu hutumia umeme wa volti 12, lakini Fuso na malori mengine makubwa hutumia 24, na kamera ya 12 ikiungwa huko inaweza kuungua siku hiyo hiyo. Pili ni lugha ya picha. Kamera za zamani hutuma mawimbi ya kawaida ya televisheni, zile mpya hutuma mawimbi ya AHD yenye picha safi zaidi, na skrini isiyoijua AHD itabaki nyeusi au itatembeza mistari hata kama kila waya uko mahali pake. Mafundi wengi wamefumua kazi nzima wakitafuta waya uliokatika, kumbe vifaa viwili vilikuwa havielewani tangu dukani. Ndiyo maana fundi mzuri huunganisha kila kitu kwenye betri, sakafuni, kabla hajafungua hata skrubu moja ya gari. Dakika kumi hizo ni za thamani kuliko kazi yote inayofuata.

Halafu kuna maji. Herufi IP na tarakimu zinazofuata hueleza kinga ya kamera. Tarakimu ya kwanza ikiwa 6, vumbi haliingii; ya pili ikiwa 7, kamera inastahimili kuzama kwenye maji ya kina cha mita moja kwa nusu saa. Lakini pikapu haizamishwi majini kwa utulivu. Huoshwa kwa mashine ya presha, bomba likiwa sentimita chache kutoka kwenye lenzi. Kinga ya presha ya aina hiyo ina alama yake, IP69K, na mwenye gari linalooshwa kila wiki anafanya vizuri kuitafuta.

Kamera ikae wapi? Kwenye gari dogo swali hilo ni jepesi: juu ya namba. Kwenye pikapu ni gumu, kwa sababu mgongo wake unafunguka. Kamera ikifungwa karibu na mshikio wa mlango wa bodi inapata kimo kizuri na inaona bampa lake lenyewe, na hilo ni muhimu, maana dereva akiona ukingo wa bampa kwenye picha anajua kipimo chake kinaanzia wapi. Lakini siku ya kubeba mabati au mbao ndefu mlango huteremshwa na kufungwa ukiwa wazi, na kamera inatazama lami. Ikifungwa kwenye bampa haijali mlango uko wapi, ila inaishi kwenye tope na ndiyo ya kwanza kugusa ukuta. Ikipandishwa juu ya fremu ya turubai inaona mbali, lakini eneo lililo karibu kabisa na mlango, pale mtoto anapochuchumaa, linaweza kumezwa. Kwa gari linalokaa na mlango umefungwa siku nyingi, mshikio ndio mahali pa haki. Kwa gari la kubeba mbao kila siku, bampa, pamoja na kukubali kuifuta lenzi kila asubuhi.

Sasa waya. Hapa ndipo kazi inapofia au kupona.

Kamera huchukua umeme wake kwenye taa ya rivasi, na mantiki yake ni rahisi: gia ikiingia, swichi iliyoko kwenye giaboksi inafunga mzunguko, taa inawaka, kamera inaamka pamoja nayo. Balbu ya wati 21 kwenye volti 12 hula ampea 1.75, kamera hula sehemu ndogo sana ya hiyo, kwa hiyo waya wa taa hauhisi mzigo wowote. Kuupata waya wenyewe kunahitaji mita, si kubahatisha rangi. Gari nyingi zimeshapita mikononi mwa mafundi wengine, na waya mwekundu wa leo huenda ni kipande kilichoungwa mwaka juzi. Hendibreki inavutwa, matairi yanawekewa mawe, swichi inafunguliwa bila kuwasha injini, gia inatiwa rivasi, kisha ncha za mita zinagusa soketi ya balbu. Ikisoma 12, huo ndio waya. Gia ikirudishwa huru, usomaji lazima uanguke hadi sifuri. Usipoanguka, huo ni waya wa taa nyingine.

Baada ya kuupata, fundi hufungua kichwa cha hasi cha betri kwa spana namba 10, ndipo anapokata na kuunga. Na kuunga kwenyewe kuna namna mbili. Ya haraka ni kumenya waya kwa meno, kuuzungusha mwenzake mara tatu na kuufunika kwa tepu. Kamera itawaka, mteja atalipa, na wote wataagana kwa furaha. Ukiifungua tepu hiyo baada ya masika mawili unakuta gundi imeyeyuka kwa joto ikawa kama asali chafu, na chini yake nyuzi za shaba zimegeuka kijani, zinavunjika kwa kuguswa na ukucha. Maji hayakuishia pale. Yamepanda ndani ya ganda la waya, kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi, na shaba imeoza kwa urefu wa kidole kizima. Dereva anachokiona kwenye skrini ni picha inayokuja na kupotea kila gari linapopita kwenye tuta.

Namna ya pili inachukua robo saa zaidi. Kipira cha plastiki kinachosinyaa kwa moto kinavishwa kwenye waya kwanza, kabla ya kuunga, maana ukisahau hapo huwezi kukivisha tena. Nyuzi zinasukwa, zinalehemiwa mpaka risasi inywe katikati ya nyuzi na kung’aa, kisha kipira kinasogezwa juu ya maungio na kupashwa moto hadi kibane. Vile vyenye gundi ndani ni bora zaidi. Gundi ikitoka kidogo kwenye ncha zote mbili, maji hayana mlango. Kazi ya namna hii ndiyo inayostahili kulipiwa, na mwenye gari ana haki ya kuomba kuiona kabla haijafichwa.

Waya wa hasi nao una heshima yake. Kuufunga chini ya skrubu iliyopakwa rangi ni kuufunga kwenye kizio; rangi lazima ikwanguliwe mpaka chuma kiwe cheupe, au, vizuri zaidi, waya uungwe kwenye waya wa hasi wa taa yenyewe. Mistari ya kutetemeka kwenye picha, ambayo wengi huilaumu kamera, mara nyingi hutoka hapa.

Kutoka mlangoni hadi kwenye kioo kuna safari ndefu. Hilux ya dabo kebini ina urefu wa mita 5.3 hivi, na kebo haipiti hewani. Inashuka, inafuata chesisi, inapanda ndani, inazunguka fremu ya mlango. Kebo ya mita 6 inayokuja kwenye maboksi mengi huishia kwenye dashibodi, ikimlazimisha fundi kuivuta kama kamba ya nguo. Ya mita 10 inatosha na kubaki. Pale mlango wa bodi unapokutana na bodi, kebo inaachiwa mkunjo wa kutosha ili mlango uteremke bila kuivuta, na plagi inawekwa hapo hapo ili mlango uweze kung’olewa kabisa siku ya mzigo mkubwa. Chini ya gari inafuata nyaya za kiwandani, ikiwa ndani ya bomba la plastiki na kufungwa kila baada ya shubiri mbili, mbali na ekzosi, mbali na shafti, mbali na springi zinazopanda na kushuka.

Kuingia kebini hakuhitaji tundu jipya. Kuna raba za kiwandani zinazopitisha nyaya, na ya kwanza iliyo karibu inatoboka kwa urahisi. Kabla ya kuingia, kebo ishushwe chini kidogo ya tundu ndipo ipande, ili maji yanayoteremka juu yake yadondokee kwenye mkunjo badala ya kufuata kebo hadi chini ya kapeti.

Ndani, kebo inajificha chini ya plastiki za kizingiti, inapanda kwenye nguzo ya kioo cha mbele na kupita juu ya dari hadi katikati. Nguzo hiyo inataka tahadhari. Kwenye pikapu za siku hizi huwa na mfuko wa hewa uliokunjwa ndani yake, na nyaya za mifuko hiyo hufunikwa kwa rangi ya njano ili kila fundi aziheshimu. Kebo ya kamera ipite nyuma ya mfuko, kamwe isipite mbele yake. Mfuko hufunguka kwa kasi kubwa mno, na chochote kilicho mbele yake hugeuka kombora kuelekea kichwani mwa mtu.

Kioo chenyewe huchukua umeme kwenye kisanduku cha fyuzi, kwenye mstari unaozimika ufunguo ukitolewa, kwa fyuzi yake ndogo. Wanaoungia moja kwa moja kwenye betri hujikuta wakisukuma gari. Kioo chenye kamera ya kurekodi kinaweza kula ampea 0.3; kwa saa 24 ni ampea-saa 7.2, na betri ya ampea-saa 70 iliyoachwa safari ya siku tano imeshapoteza nusu ya uhai wake.

Kisha kuna waya mmoja mwembamba mwekundu unaochungulia kwenye ncha zote mbili za kebo ya picha. Wengi huukata wakidhani ni ziada. Huo ndio mjumbe: nyuma unaungwa pamoja na taa ya rivasi, mbele unaungwa na waya wa kuamsha skrini, na kazi yake ni kukiambia kioo kwamba gia imeingia. Bila huo, dereva atabonyeza kitufe kila akirudi nyuma, na siku ya haraka atasahau.

Wenye pikapu mara nyingi huomba kitu ambacho wenye magari madogo hawakiombi: kuutazama mzigo wakiwa safarini, waone kama turubai limefunguka au trela linayumba. Ombi ni la haki, na fundi asiye makini hulijibu kwa kuongeza swichi inayopeleka umeme kwenye ule ule waya mwekundu. Umeme hauchagui njia. Unafika kwenye kamera, na unafika pia kwenye taa za rivasi, na pikapu inakwenda kilomita 80 kwa saa usiku ikiwa imewasha taa nyeupe nyuma. Aliye nyuma yake anadhani inarudi. Dayodi moja, au rilei, ikiwekwa kati ya taa na kamera, inauruhusu umeme upite upande mmoja tu, na tatizo linakwisha.

Lipo pia suala la macho, ambalo maduka hayalizungumzi. Kwenye kioo cha kawaida, gari lililo mita 30 nyuma linaonekana likiwa mbali kweli, na jicho linalotazama barabara halihitaji kujirekebisha. Skrini iko sentimita 60 kutoka usoni, na kila dereva anapoitupia jicho, jicho lazima livute karibu kisha lirudi mbali. Kijana hahisi kitu. Dereva wa miaka 55 anayesogeza gazeti mbali ili alisome atahitaji muda, na wakati mwingine miwani. Kwa dereva huyo, kioo kinachobaki kioo cha kawaida na kugeuka skrini wakati wa rivasi tu kinafaa kuliko skrini kubwa inayowaka safari nzima.

Kazi ikiisha, yanabaki yale ya uani. Mistari ya kijani, njano na nyekundu inayochorwa juu ya picha haikupimwa kwenye gari hili. Lenzi pana husukuma vitu mbali, na ukuta unaoonekana uko mita mbili huenda uko moja. Dereva anapanga ndoo tatu nyuma ya bampa, kwa futi kamba: mita 1, mita 2, mita 3. Anaingia, anatia rivasi bila kuondoa hendibreki, na kuangalia kila ndoo imekaa kwenye mstari gani. Akikuta kitu kilicho upande wa kushoto wa gari kinaonekana kulia, kamera haijageuzwa picha. Kwenye kamera nyingi kuna kitanzi kidogo cha waya kinachokatwa ili picha ifanane na ya kioo.

Mlango wa bodi unafunguliwa na kufungwa mara kumi, skrini ikiwa inawaka. Maji yanamwagwa. Halafu inasubiriwa jioni, kwa sababu vitaa vidogo vya pembeni mwa lenzi humulika hatua moja tu, na kamera usiku inategemea taa za rivasi. Nyingi ya balbu hizo ziliungua zamani bila mwenye gari kujua. Hakuna aliyekuwa akizitazama. Balbu mpya inatiwa, lenzi inafutwa, na ndoo ya tatu inatokea gizani. Kitambaa cha kufutia kinawekwa kwenye mfuko wa mlango wa dereva, upande ambao mkono unafika kwanza asubuhi.